Mlima Unaposogea: Historia ya Kutabiri Mwamba Unaominya

Mtu akitoboa mlima kwa handaki, mlima hujibu. Mara nyingi jibu lenyewe ni kimya: granaiti ngumu husimama kama ilivyokatwa, na handaki hudumu karne nzima likihitaji matengenezo madogo tu. Lakini ipo miamba dhaifu ambayo, ikikaliwa na uzito mkubwa, haisimami wala haiporomoki. Inasogea. Kuta zinakuja ndani polepole, sakafu inainuka, dari inashuka, na handaki lililochimbwa kwa upana wa mita 5 linakutwa baada ya wiki chache lina mita 4. Wachimbaji wa Ulaya waliujua mwamba wa aina hii tangu zamani, kwa sababu uliwavunjia matimba. Kilichowachukua wahandisi zaidi ya miaka 100 ni kujua mapema utakutwa wapi, utasogea kiasi gani, na usogee mpaka wapi kabla ya kuzuiwa. Sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika milima ya Alpi, kwa kuwa ndiko reli ndefu zilikolazimika kupita chini ya milima mirefu kabla ya kwingine.

Chini ya Andermatt, 1872–1882

Mwaka 1872 Louis Favre, mkandarasi kutoka Geneva, alitia sahihi mkataba wa kuchimba handaki la reli la Gotthard: kilomita 15 kwa miaka 8, kutoka Göschenen kaskazini hadi Airolo kusini, na faini kwa kila siku ya kuchelewa. Kabla ya kazi kuanza, wataalamu walikuwa wamepanda mlima, wakapima jinsi matabaka yanavyoinama pale yanapoonekana juu ya ardhi, kisha wakayachora yakishuka hadi usawa wa handaki. Utabiri wenyewe ulikuwa huo. Ulijibu swali moja tu: ni jiwe gani litakutwa wapi? Kampuni ya reli ilikuwa pia na mwanajiolojia wake, Friedrich Moritz Stapff, aliyeandika hali ya mwamba kadiri uchimbaji ulivyosonga mbele. Kumbukumbu zake bado zina thamani hata leo, lakini zilikuwa kumbukumbu za yaliyokwisha kutokea.

Mita kama 2,800 kutoka Göschenen, chini ya bonde la Urseren karibu na kijiji cha Andermatt, jina la jiwe halikusaidia kitu. Mwamba uliokutwa pale ulikuwa umeoza. Sehemu ya madini yake ilikuwa imegeuka udongo mweupe wa kaolini. Jambo lililowashangaza watu ni kina chake. Kutoka handakini hadi bondeni juu palikuwa na mita 300 hivi tu, ilhali sehemu nyingine za Gotthard zilizokuwa na zaidi ya mita 1,500 za mwamba juu yake zilipita bila taabu ya namna hiyo. Hapa penye kina kidogo ndipo magogo yalipovunjika. Tao la mawe likapondeka, likajengwa upya, likapondeka tena.

Mbinu ya Favre ilizidisha tatizo. Alifuata utaratibu wa Kibelgiji: huanza kuchimbwa sehemu ya juu, tao la mawe linajengwa likikalia mwamba wenyewe, kisha mwamba ulio chini ya miguu ya tao unaondolewa na kuta zinajengwa kuingia chini yake. Penye mwamba mgumu utaratibu huo ni wa haraka na nafuu. Penye mwamba uliooza, miguu ya tao ilizama kabla kuta hazijafika, na kila jiwe lililoondolewa chini liliupa mlima nafasi mpya ya kusogea. Kilichosimama mwishowe ni ukuta mnene wa granaiti iliyochongwa, uliowekwa kwa gharama kubwa na kwa muda ambao mkataba haukuwa umeutenga.

Favre alifariki humo humo handakini Julai 1879. Pande mbili za uchimbaji zilikutana mwisho wa Februari 1880, na treni zikaanza kupita mwaka 1882. Vifo vya wafanyakazi vilivyoandikwa vilikaribia 200, wengi wao Waitaliano, na wengine wengi walirudi makwao wakiwa wamedhoofishwa na minyoo ya safura. Walipogoma Göschenen mwaka 1875, wanne waliuawa kwa risasi. Naona ni haki kulitaja hili katika historia ya utabiri, kwa sababu utabiri ulipokosea, waliolipa si wale waliotabiri.

Profesa Heim na mita 42 za Simplon, 1878–1908

Gotthard ilipokuwa bado inachimbwa, profesa wa jiolojia wa Zürich, Albert Heim, alichapisha mwaka 1878 kitabu kikubwa kuhusu jinsi milima inavyoumbwa. Alikuwa ameona katika Alpi matabaka ya mwamba yaliyokunjika bila kuvunjika, akajiuliza jiwe linawezaje kukunjika hivyo. Jibu lake lilikuwa uzito. Kwenye kina cha kutosha, alisema, mzigo wa mwamba ulio juu unapita nguvu ya mwamba ulio chini, na shinikizo linakuwa sawa pande zote. Hapo jiwe hufuata njia yoyote iliyo wazi, kama kinyunga cha unga kinavyotokeza kati ya vidole vya mkandaji. Na handaki ni njia iliyo wazi.

Wahandisi wengi hawakukubali. Walimwonyesha mahandaki ya kina kirefu yaliyosimama imara. Heim aliwajibu kwamba mlima hauna haraka. Leo tunaweza kuona kila upande ulishika nini. Heim alikuwa sahihi kwamba kinachoamua ni uwiano wa mzigo na nguvu ya mwamba. Wapinzani wake walikuwa sahihi kwamba nguvu hiyo hutofautiana mno, hata mlima mmoja ukawa na mahali panaposimama kwenye kina cha kilomita moja na nusu na mahali panaposogea kwenye mita 300. Andermatt ilikuwa na jibu kwa wote wawili, ila hapakuwa na aliyejua kulisoma.

Mtihani ulikuja Simplon, handaki la karibu kilomita 20 lililoanza mwaka 1898, lenye zaidi ya mita 2,100 za mwamba juu yake mahali pa kina zaidi. Utabiri wa wanajiolojia ulikosea kwa mengi. Matabaka waliyodhani yanashuka wima yalikutwa yamekunjika na kulala. Joto la mwamba lililotarajiwa kufika nyuzi 42 hivi lilipanda hadi takriban 55. Maji yaliyotarajiwa kuwa machache upande wa kusini yalibubujika kwa nguvu mwaka 1901, yapata kilomita 4.4 kutoka lango la Iselle.

Palepale baada ya maji ukafuata mwamba unaominya. Ulikuwa na urefu wa mita 42 tu. Ulikuwa shisti laini yenye ulanga na chokaa, iliyobanwa kati ya miamba mizuri pande zote mbili. Mbao nene hazikufaa, ziligawanyika vipande. Ikabidi ziingizwe fremu nzito za boriti za chuma, fremu moja ikigusana na nyingine, na nafasi zilizobaki zikajazwa zege. Kwingineko handakini, mita 42 zilichimbwa kwa siku zisizozidi kumi hivi. Hapa kazi ilikula miezi. Handaki lilipofunguliwa mwaka 1906, wahandisi wa Ulaya yote walikuwa wameshajua kwamba kipande kifupi kuliko uwanja wa mpira kinaweza kuvuruga hesabu za mradi wa kilomita 20.

Miaka hiyohiyo mhandisi Ernst Wiesmann alitoa hoja ambayo ingekuja kuzaa matunda baadaye: mwamba unaolizunguka handaki si mzigo mtupu, nao hubeba. Handaki likichimbwa, shinikizo huhama kutoka ukingoni kwenda ndani zaidi ya mlima, na pete ya mwamba inabaki ikijikinga yenyewe.

Halafu ikaja Lötschberg. Tarehe 24 Julai 1908, wachimbaji waliokuwa wakipita chini ya bonde la Gastern walilipua baruti kama kawaida, na badala ya mwamba wakakuta changarawe iliyolowa maji, mabaki ya barafu ya kale yaliyojaza bonde kwa kina ambacho hakuna aliyekitarajia. Watu 25 walikufa, na handaki likapindishwa kuzunguka mahali pale. Hilo halikuwa tatizo la kuminya. Hata hivyo baada yake ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kusimama juu ya mlima na kuapa kuhusu kilicho chini bila kuchoronga.

Jedwali la Terzaghi na mkunjo wa Pacher, 1938–1975

Vita viwili vya dunia vilipunguza kasi ya mahandaki makubwa ya reli, lakini si fikra. Mwaka 1938 Fenner, aliyeandika katika jarida la wahandisi wa migodi ya makaa ya mawe ya Ujerumani, alionyesha kwa hesabu jinsi pete ya mwamba iliyovunjika inavyojengeka kuzunguka shimo, na ni shinikizo gani la kutoka ndani linatosha kuituliza.

Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyehamia Marekani, akaja kwa njia nyingine. Mwaka 1946 aliandika utangulizi wa kijiolojia kwa kitabu cha Proctor na White kuhusu matao ya chuma, ndani yake akiwa na jedwali lililokuja kutumika duniani kote. Aliwasihi wahandisi waache kuuliza jina la jiwe na waulize hali yake: limepasuka vipi, limelainika kiasi gani, lina udongo au halina. Aliutenga mwamba unaominya na mwamba unaovimba kwa kunywa maji, kwa kuwa sababu zake si moja, na akatoa makadirio ya mzigo kwa kila hali. Kwa mwamba unaominya kwenye kina kirefu, kadirio lake la chini lilikuwa 2.1 na la juu 4.5, yote mawili yakizidishwa na jumla ya upana na kimo cha handaki. Kadirio la juu ni zaidi ya maradufu ya lile la chini. Sioni hilo kuwa udhaifu wa Terzaghi. Ulikuwa ukweli: aliandika upana wa kutojua kwake mahali ambapo kila mhandisi angeuona.

Lakini jedwali lilichukulia kwamba mzigo upo tayari, unasubiri kubebwa. Wazo la Wiesmann na hesabu za Fenner zilielekea kwingine, na aliyeyasukuma hadi kwenye kazi alikuwa Ladislaus von Rabcewicz, Mwaustria aliyefanya kazi kwenye mahandaki ya reli ya Iran miaka ya 1930. Mwaka 1964 mwenzake Franz Pacher alichora mkunjo ambao wanafunzi wa uhandisi wa mahandaki huuchora mpaka leo. Maana yake ni hii. Ukitaka mwamba usisogee hata kidogo, ni lazima uubebe mzigo wote wa mlima, na hakuna ukuta unaoweza. Ukiuruhusu usogee sentimita kadhaa, pete ya mwamba inaingia kazini na mzigo unaobaki kwa ukuta unapungua sana. Ukiuachia kupita kiasi, pete yenyewe inalegea, inakatika, na mzigo unarudi. Kazi ya mhandisi ni kupata mahali pa katikati, na kulipata kwa wakati.

Kifaa kilichowezesha hayo kina historia inayotugusa huku kwetu. Carl Akeley, Mmarekani aliyekausha wanyama kwa ajili ya makumbusho na aliyewahi kukusanya tembo Kenya, alitengeneza mwaka 1907 bomba la kurusha saruji kwa hewa ili kukarabati kuta za jumba la makumbusho la Chicago. Tembo nusura amuue karibu na Mlima Kenya mwaka 1910, na mwaka 1926 alifariki kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo, akazikwa hukohuko. Bomba lake lilikuja kuwa zana ya mahandaki. Zege likirushwa moja kwa moja kwenye mwamba uliokatwa hivi punde, linashikana nao bila nafasi, linabeba mapema, na likiwa bado jembamba linapinda kidogo bila kuvunjika. Magogo na mawe ya Gotthard hayakuweza lolote kati ya hayo.

Rabcewicz aliuita utaratibu wake mpya kuwa ni wa Kiaustria, na madai hayo yamepingwa vikali, hasa na Kalman Kovári wa Zürich, aliyeonyesha kwamba sehemu zake nyingi zilikuwa zinajulikana tayari. Kovári ana hoja nzito. Hata hivyo, jambo moja lilienea kwa sababu ya kizazi kile: kupima. Misumari ya chuma ilipigiliwa ukutani, utepe ukanyooshwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kila siku, na namba zikachorwa kwenye karatasi. Mstari ukilala, mwamba umetulia. Mstari ukiendelea kupanda, kuna watu wa kuondolewa na nondo za kuongezwa.

Katika handaki la barabara la Tauern, Austria, lililochimbwa 1970 hadi 1975, mistari ilipanda kupita matarajio. Ndani ya mwamba wa filiti, kuta zilikaribiana kwa zaidi ya mita 1 mahali pengine, na zege lililorushwa likawa linapasuka kila lilipofunga. Wahandisi wakaamua kuacha mapengo ya makusudi kwenye zege, kwa urefu wa handaki, ili likibanwa lijongee badala ya kuvunjika, huku nondo ndefu zikishikilia mwamba. Zege lenye mapengo lilisimama pale lililofungwa lilipokuwa limeshindwa.

Namba kutoka Himalaya, 1974–2000

Kupima ndani ya handaki kunakwambia linalotokea. Anayeandaa bajeti anataka kujua kabla. Mwaka 1974 Nick Barton na wenzake wa Norway walitoa alama waliyoiita Q, inayokusanya mipasuko ya mwamba, ukwaruzo wake, maji na shinikizo kuwa namba moja, kutoka 0.001 kwa mwamba mbovu kabisa hadi 1,000 kwa ulio bora. Nchini India, ambako miradi ya umeme wa maji ilikuwa inapita katika miamba michanga na iliyopondeka ya Himalaya, Bhawani Singh na wenzake walikusanya visa vya mahandaki yaliyominywa na yasiyominywa, wakatafuta mpaka kati yao. Walichokipata mwaka 1992 kinaandikika kwenye kiganja: mwamba unatarajiwa kuminya pale kina kwa mita kinapozidi 350 mara kipeo cha tatu cha Q.

Mwamba wenye Q ya 1 unaanza kuminya kwenye mita 350. Wenye Q ya 0.1 unaanza kwenye mita 160 hivi. Wenye Q ya 0.01, yaani uliopondeka na kujaa udongo, unaanza kwenye mita 75. Mtu wa mwaka 1875 angepewa hesabu hii, Andermatt isingemshangaza.

Huko Japani, Shunsuke Sakurai alikuwa ameonyesha kutoka kwenye vipimo kwamba mahandaki huanza kuleta matatizo pale mwamba unapojongea kwa karibu asilimia 1 ya ukubwa wa handaki. Mwaka 2000 Evert Hoek na Paul Marinos wakaunganisha nyuzi hizi. Kwanza hukadiriwa nguvu ya mwamba mzima, pamoja na mipasuko yake, kwa kuwa kipande kidogo kizuri cha maabara hudanganya. Kisha hukadiriwa shinikizo la mlima: kila mita 1,000 za mwamba huleta megapaskali 27 hivi, karibu nguvu ya zege la kawaida la nguzo za ghorofa. Uwiano wa nguvu kwa shinikizo ndio unaotoa jibu. Nguvu ikiwa nusu ya shinikizo, handaki la mita 10 lisilo na egemeo litapungua kwa sentimita 8 hivi, na kazi itaendelea. Ikiwa moja ya tano, litapungua kwa nusu mita. Ikiwa moja ya kumi, kwa mita 2, na hapo hakuna tena mradi wa kawaida.

Ni Heim aliyerudi, baada ya miaka 122, akiwa na namba.

Yacambú, 1976–2008

Hoek hakuyapata haya mezani. Sehemu ya maarifa yake ilitoka Venezuela, kwenye handaki la Yacambú-Quibor, ambalo kwangu ndilo somo kamili kuliko yote ya mwamba unaominya. Lengo lake lilikuwa kupeleka maji kutoka mto ulio upande wenye mvua wa Andes hadi bonde kame la Quíbor, kwa wakulima na kwa mji wa Barquisimeto. Urefu ulikuwa kilomita 24.3, kipenyo chini ya mita 6, na kina hadi mita 1,270, yaani shinikizo la megapaskali 34. Mwamba wake mbaya zaidi ulikuwa filiti yenye grafiti, madini yale ya kalamu ya risasi, yanayoteleza kwa kuguswa tu.

Kazi ilianza mwaka 1976 kwa mashine kubwa za kutoboa, kwa matumaini kwamba zingemaliza haraka. Utabiri huo ulikuwa kosa. Mashine inahitaji shimo libaki duara na kipenyo chake kilekile mpaka ipite. Mwamba unaominya haukubali. Moja ilinaswa kazi iliposimama kwa ajili ya mgogoro wa mkataba, kwa maana mlima hausubiri mazungumzo yaishe, unaendelea kusogea usiku na mchana. Baada yake watu walirudi kwenye baruti na mikono. Fremu za umbo la kwato ya farasi zilipinda, sakafu zisizofungwa zikainuka, na sehemu zilizokwisha kuchimbwa zikahitaji kuchimbwa tena. Mkataba mmoja ulifuata mwingine.

Kilichofaa kilipatikana hatua kwa hatua, papo hapo handakini. Umbo likabadilishwa kuwa duara kamili, sakafu ikifungwa kama dari. Fremu za chuma ziliwekewa viungo vinavyoteleza, na zege likarushwa likiwa na nafasi kwenye viungo hivyo. Wachimbaji walisonga mbele, mwamba nyuma yao ukabana fremu, viungo vikateleza mpaka vikagota, na uso wa uchimbaji ulipokuwa umeshasonga mita 15 hivi, nafasi zilifungwa kwa zege na pete ikawa nzima. Fundi aliyesimama pale aliweza kuona kwa macho yake mkunjo wa Pacher ukifanya kazi: chuma kikiteleza milimita kwa milimita, kisha kikitulia. Pande mbili zilikutana Julai 2008, miaka 32 baada ya kuanza.

Sedrun, Piora na Faido, 1993–2010

Waswisi walipoamua kuchimba Gotthard upya, safari hii kilomita 57 chini ya mlima mzima, walijua kuwa ramani ya juu haitoshi. Waliogopa mahali pawili kuliko pote.

Pa kwanza palikuwa Piora, penye dolomiti nyeupe ambayo sehemu zake zilikuwa zimegeuka unga unaomiminika kama sukari, chini ya maji yenye shinikizo kubwa. Kama unga huo ungefika hadi usawa wa handaki, mradi mzima ungekuwa mashakani. Kuanzia mwaka 1993 likachimbwa handaki la uchunguzi juu ya njia halisi, na mwaka 1996 uchorongaji ulipogusa dolomiti, maji na unga vilifumka kwa nguvu. Wengi wangeishia hapo. Wachunguzi wakachoronga kwenda chini zaidi, kwa mshazari, hadi kwenye kina cha njia yenyewe. Sampuli zilizopanda zilikuwa ngumu na kavu: dolomiti yenye anhidriti, isiyo na maji. Kitisho kilikuwa kinaishia juu. Mashine ilipita pale mwaka 2008 bila msukosuko.

Pa pili palikuwa kaskazini mwa Sedrun, kwenye safu ya mwamba uliosagwa na misukosuko ya kale ya Alpi hadi ukawa kakiriti, mchanganyiko wa vipande na unga. Tundu refu la mshazari lilichorongwa ndani yake, na sampuli zikapelekwa maabara ya chuo kikuu cha ETH huko Zürich, ambako zilibanwa taratibu pamoja na maji yaliyomo vinyweleoni mwake ili vipimo vyake vitumike kwenye mkataba, si kwa udadisi wa profesa tu. Kutokana na hayo, uchimbaji ulipangwa kabla ya mtu yeyote kuuona mwamba wenyewe. Wachimbaji walishuka kwa lifti kwenye shimo la mita 800. Walichimba kipenyo kilichofika mita 13 hivi, kikubwa kuliko kilichohitajika, ili mwamba ukaribie kwa makumi ya sentimita na bado treni ipite. Fremu zao zilikuwa zile za chuma kinachoteleza ndani ya chuma, zilizobuniwa miaka ya 1930 kwa migodi ya makaa ya Ujerumani. Kabla ya kila hatua, nondo ndefu ziliingizwa kwenye uso wa uchimbaji ili usifumke. Mlima ulisogea karibu kama ulivyotarajiwa, na kwa jumla vyema kidogo kuliko ilivyohofiwa. Kazi ya Sedrun ilikwenda mbele ya ratiba.

Na bado haikuwa ushindi kamili. Faido, sehemu nyingine ya handaki hilohilo ambako hakukuwa na hofu kubwa, mipasuko ya mwamba isiyotarajiwa ilikutwa palepale palipopangwa kituo cha dharura chenye mahandaki mengi. Kuta zilibanwa, mwamba ukapasuka kwa kishindo, na sehemu ya kituo ikabidi kuhamishiwa kusini. Fedha ya uchunguzi ilikuwa imekwenda mahali palipoogopwa. Palipodhaniwa pazuri palichunguzwa kidogo.

Gibe na Saint-Martin-la-Porte, 2003–2021

Karibu zaidi na kwetu, Ethiopia ilichimba handaki la kilomita 26 la Gilgel Gibe II ili kushusha maji hadi bonde la Omo na kuzalisha megawati 420. Oktoba 2006 mashine ya kutoboa ilikutana na ukanda wa mwamba uliopondeka na kulowa. Uso wa uchimbaji ukaja mbele kama tope zito na kuisukuma mashine nzima kurudi nyuma. Ilibidi kuchimba njia ya pembeni kulizunguka eneo hilo. Mtambo ulizinduliwa Januari 2010, na siku chache baadaye sehemu ya handaki ikaporomoka. Matengenezo yakachukua miezi. Tundu refu lililochorongwa mbele ya mashine huonyesha ukanda kama ule kabla haujafikiwa, lakini kila tundu linasimamisha mashine kwa saa nyingi, na ratiba ya mkandarasi haipendi kusimama.

Italia na Ufaransa zilichagua kulipia uchunguzi huo mapema kwenye handaki la Lyon hadi Turin, lenye kilomita 57.5. Karibu na kijiji cha Saint-Martin-la-Porte, matabaka ya makaa ya mawe na mwamba laini yalijulikana kuwa hatari. Njia ya kuingilia iliyoanza kuchimbwa mwaka 2003 ikawa chombo cha kuyapima. Mahali pengine kuta zilikaribiana hadi mita 2, na handaki lililokwisha kumalizika likachimbwa upya.

Hapo pakawekwa mbinu iliyounganisha karibu yote yaliyotangulia. Uso wa uchimbaji uliimarishwa kwa nondo za nyuzi za kioo, jambo alilolisisitiza Pietro Lunardi wa Italia tangu miaka ya 1980, kwa hoja kwamba mwamba ulio mbele ya mchimbaji ndio unaoamua tabia ya ule ulio nyuma yake. Kisha pete ya zege lililorushwa iliachiwa mapengo, kama Tauern, lakini safari hii mapengo yalijazwa matofali ya zege maalumu yanayosinyaa kwa mpangilio yakibanwa, yakiendelea kubeba mzigo wakati wote. Misogeo ilipungua sana. Ukuta mnene wa mwisho ukajengwa baada ya mistari ya vipimo kulala.

Kutoka chini ya njia hiyo, mashine ilitoboa kilomita 9 kwenye mhimili wenyewe wa handaki kuu, ikamaliza Septemba 2019, huku kipande kibaya cha makaa kikichimbwa kando bila mashine hiyo. Mikataba ya handaki kuu upande wa Ufaransa ilitiwa sahihi mwaka 2021. Wakandarasi waliokuja kushindania kazi hiyo walikuta vipimo vya miaka kumi na mitano vilivyochukuliwa ndani ya mwamba uleule ambao wangeuchimba, sentimita kwa sentimita, siku kwa siku.